Gus Greenlee: Jamaa aliyejijengea uwanja wake

Hebu fikiria: unakodisha uwanja, unaujaza mashabiki, kisha unaambiwa chumba cha kubadilishia nguo si cha watu weusi. Ndivyo timu za besiboli za Wamarekani weusi zilivyofanyiwa mjini Pittsburgh. Greenlee akachoka.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Doo yake ilitoka kwenye bahati nasibu haramu ya mtaani, na mtaa wote wa Hill District ulijua. Lakini mwaka wa 1932 alimwaga takriban dola 100,000 akajenga Greenlee Field, kando ya barabara ya Bedford, uwanja wa watu kama 7,500. Timu yake, Crawfords, ilikuwa moto: Satchel Paige akirusha, Josh Gibson akipiga. Mwaka wa 1935 wakatwaa ubingwa.

Halafu 1937 Paige na wenzake wakafuata pesa Jamhuri ya Dominika. 1938 uwanja ukabomolewa, zikajengwa nyumba za serikali. Greenlee alifariki 1952.

Ni miaka michache tu, najua. Lakini msee, kwa miaka hiyo wachezaji wake walioga na kubadilisha nguo kwao, bila kumwomba mtu ruhusa.