Yusuf bin Hassan: Mfalme wa Majina Mawili

Ni rahisi kwa mwanafunzi wa Amukura kukariri miaka ya Ngome ya Yesu: Wareno walianza kuijenga kisiwani Mombasa mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Lakini miaka mitupu haimwelezi mtu maana ya kutawaliwa na mgeni. Maana hiyo imo katika maisha ya Yusuf bin Hassan.

Yusuf alizaliwa katika ukoo wa kifalme uliotoka Malindi. Baba yake, Sultani Hassan bin Ahmad, alikosana na mkuu wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, makao yao makuu huko Bara Hindi. Watawa wa Mtakatifu Agostino wakamlea, wakambatiza, wakampa jina la Jerónimo. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa awe mfalme, ilhali amri yenyewe ilibaki ngomeni.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wareno nao walitumaini hivyo. Walisahau kwamba yatima hakusahau. Mwezi wa Agosti 1631, Yusuf aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamwua mkuu wa ngome, akaurudia Uislamu. Kisha Wakristo waliokataa kuiacha dini yao wakauawa, Wareno kwa Waafrika, wanawake wakiwamo.

Mwaka 1632 jeshi kutoka Goa lilishindwa kuikomboa ngome. Hata hivyo, Yusuf aliiharibu, akatweka tanga na kuondoka. Wareno wakarejea mwaka huo huo. Alimaliza siku zake akiwa haramia, akafa mwaka 1638 pande za Bahari ya Shamu.

Je, mwalimu amfundishe kama shujaa au kama muuaji? Ukweli haumruhusu kuchagua upande mmoja. Dhuluma aliyotendewa ilikuwa ya kweli, na damu ya wasio na hatia aliyoimwaga ilikuwa ya kweli pia.

Wengi wa watoto wetu wa Amukura wana jina la nyumbani na jina la ubatizo, nao huishi nayo kwa amani. Kilichomchoma Yusuf hakikuwa jina, bali mkono uliompa: ndio uliomwua baba yake. Darasa likilielewa hilo, litakuwa limejifunza zaidi ya tarehe.