Munzihirwa, askofu aliyebaki Bukavu

Wengi wa Wakongo wanaoishi Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale karibu na Mbarara, walitoka Kivu, alikozaliwa Christophe Munzihirwa mwaka 1926. Waumini walimwita Mzee. Mwaka 1971, Mobutu alipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu, padri huyu Mjesuiti aliomba kuandikishwa pamoja nao.

Alikuwa askofu mkuu wa Bukavu wakati mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walipovuka mpaka mwaka 1994. Wauaji walikuwamo, naye alilijua hilo. Hata hivyo alikataa watoto na wajane wahukumiwe kwa damu iliyomwagwa na wengine. Imani yake ilimtaka asimame na mnyonge, awe mwenyeji au mgeni. Msimamo huo ulimpatia maadui pande zote, kwani hakuacha kukemea hata uporaji wa askari wa Zaire.

Oktoba 1996 wakuu wa serikali na jeshi walikimbia. Yeye alibaki. Tarehe 29, askari waliokuwa wakiuteka mji walilisimamisha gari lake Nyawera. Alishuka, akawaendea akiwa na msalaba mkononi, wakamuua. Mwili wake ulilala barabarani hadi siku iliyofuata.