Jay Silverheels: Mtu wa Nyuma ya Stelingi

Tazama sinema za kauboi za miaka ya 1940 na 1950. Stelingi ni mzungu, bastola kiunoni, na hafi ng'o! Wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, hutokea kwa makelele, hurusha mishale, kisha huanguka kama nzi. Ardhi ilikuwa yao lakini hadithi haikuwa yao. Leo ninawaletea maisha ya mwenyeji mmoja aliyeingia ndani ya sinema hizo.

Alizaliwa tarehe 26 Mei 1912 huko Six Nations, eneo la wenyeji katika jimbo la Ontario, Kanada. Alikuwa wa kabila la Mohawk na jina lake lilikuwa Harold Smith. Ujanani alivuma katika lacrosse, mchezo wa kurushiana mpira kwa vijiti vyenye wavu, ambao asili yake ni wenyeji hao hao. Alipigana ndondi pia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kazi ya sinema huko Hollywood. Miaka mingi alipewa vijisehemu vidogo tu, vingine bila hata jina. Hakukata tamaa, kwani papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mwaka 1949 bahati ilimwangukia. Alichaguliwa kuwa Tonto, mwenzi wa stelingi katika mchezo wa televisheni uitwao The Lone Ranger, uliodumu hadi 1957. Watoto wa Marekani walimpenda mno. Lakini kulikuwa na jambo. Tonto alikuwa jasiri na mwerevu, tena mara nyingi alimwokoa mwenzake, ila alitungiwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Silverheels mwenyewe alikizungumza Kiingereza sawasawa! Isitoshe, kwa Kihispania neno tonto maana yake ni mjinga.

Mwaka 1950 aliigiza Geronimo katika sinema ya Broken Arrow, iliyosifiwa kwa kuwaonyesha Waapache kama binadamu wenye hekima. Hata hivyo, sehemu kubwa ya chifu Cochise alipewa Jeff Chandler, mzungu mzaliwa wa New York, akapakwa rangi. Kumbe mchimba kisima anaweza kunyimwa maji!

Wengine walimlaumu Silverheels kwa kukubali kuwa Tonto. Mimi siwaungi mkono. Angekataa, pengine mzungu mwingine angepakwa rangi na mambo yakabaki yale yale. Yeye aliingia, akapata jina, kisha akalitumia. Katika miaka ya 1960 alisaidia kuanzisha mafunzo ya uigizaji kwa wenyeji huko Los Angeles, ili vijana wao wasikose ujuzi nafasi zikitokea. Hicho ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote alivyofanya mbele ya kamera.

Mwaka 1979 alipewa nyota katika barabara ya mashuhuri ya Hollywood. Alifariki tarehe 5 Machi 1980 akiwa na miaka 67.

Wanachama wenzangu, tusicheke Hollywood peke yake. Katika michezo yetu ya kuigiza, bawabu huongea kwa lafudhi ya kabila gani? Na mwizi je? Mbona daktari hana lafudhi? Tunapoandika michezo ya mwaka ujao, tumpe bawabu maneno yaliyonyooka, halafu tuone kama watu hawatacheka kwa jambo lililo bora zaidi.