Auer, mwanakemia aliyegeuza taka za kiwanda kuwa jiwe la kiberiti

KILA mara mtu anapozungusha kigurudumu cha kiberiti cha gesi na cheche zikaruka, huwa anafaidi kazi ya mwanakemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach.

Auer alizaliwa jijini Vienna mnamo Septemba 1, 1858. Babake, Alois Auer, alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha uchapishaji cha serikali ya kifalme. Kijana huyo alisomea kemia Vienna, kisha Heidelberg nchini Ujerumani chini ya Profesa Robert Bunsen, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1882.

Alichagua kuchunguza metali adimu ambazo wakati huo hazikuwa na faida yoyote kubwa. Tabia zake za kikemia zinakaribiana mno hivi kwamba kuzitenganisha ni kazi ya subira. Mnamo 1885, baada ya kuyeyusha na kugandisha chumvi zake mara nyingi, alithibitisha kuwa didimiamu, iliyodhaniwa kuwa elementi moja tangu 1841, ilikuwa mbili: praseodimiamu yenye chumvi za kijani, na neodimiamu yenye chumvi za rangi ya zambarau.

Mwaka uo huo alibuni kifuko cha nyuzi zilizolowekwa katika chumvi za metali hizo, ambacho kiling'aa kikitiwa katika mwali wa gesi. Hata hivyo, mwanga wake ulikuwa wa kijani na kifuko chenyewe kilivunjika upesi. Wanunuzi walikikataa, na kiwanda chake cha Atzgersdorf kikafungwa mwaka wa 1889.

Kuteleza si kuanguka. Mnamo 1891 Auer alipata mchanganyiko ufaao: asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia moja oksidi ya seriamu. Mwanga ukawa mweupe, na vifuko hivyo vikauzwa kote duniani. Taa za karabai hutumia ubunifu huohuo.

Ufanisi huo ulileta tatizo jingine. Mchanga wa monaziti uliochimbwa kwa ajili ya thoriamu ulikuwa na seriamu nyingi zaidi, na masalio yake yakarundikana bila mnunuzi.

Seriamu ni metali ya kijivu inayong'aa, laini kiasi cha kukatwa kwa kisu, na huyeyuka katika joto la nyuzi 795 za Selsiasi. Hupoteza mng'ao wake upesi hewani, na chembe zake zikikwaruzwa huwaka. Auer aliichanganya na chuma, takriban asilimia 30, ili iwe ngumu. Mnamo 1903 alisajili hataza ya mchanganyiko huo, ambao ndio jiwe la kiberiti hadi leo.

Alifariki mnamo Agosti 4, 1929, akiwa na umri wa miaka 70. Hakuishi kuona neodimiamu, aliyoitenga akiwa na miaka 26, ikitengenezewa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo.