Historia: Rudolf Diesel, mwenye jina la injini, alifikiria mafuta ya mimea kabla ya kupotea baharini

Jioni ya tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 1913, meli Dresden iliondoka bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kuelekea Harwich, Uingereza. Ndani yake alikuwemo mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, mwenye umri wa miaka 55, ambaye injini aliyoibuni ilikuwa tayari inaendesha viwanda na meli katika nchi nyingi. Kulipokucha hakuonekana tena.

Kazi aliyoiacha inanguruma hadi leo katika malori yanayopanda milima ya Kivu, katika mashua za mto Kongo na katika jenereta za hospitali. Watu wengi wanajua kwamba injini hiyo inakunywa mazutu. Wachache wanajua kwamba mwenyewe hakuifunga kwenye mazutu, na kwamba miaka 24 baada ya kifo chake, ni mawese ya Kongo yaliyotumiwa kutengeneza mafuta ambayo leo yanaitwa biodizeli.

Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 mwezi wa 3 mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na wa kazi za ngozi. Haikuwa familia yenye mali. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia, Wajerumani walilazimika kuondoka, na familia ikakimbilia London. Rudolf, akiwa na miaka 12 tu, alitumwa Augsburg kwa jamaa zake, ambako mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Ni huko, mbali na wazazi, alipoamua kuwa mhandisi.

Katika chuo cha ufundi cha Munich alifundishwa na profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Linde aliwaeleza wanafunzi kwamba injini za mvuke za wakati ule ziligeuza kuwa kazi asilimia 6 hadi 10 tu ya joto la makaa. Sehemu nyingine yote ilipotea hewani. Diesel aliliandika jambo hilo kwenye daftari lake na hakulisahau. Homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho mwaka 1879, lakini mwaka uliofuata alifaulu kwa alama za juu kabisa. Linde akampa kazi Paris, katika biashara yake ya mashine za barafu. Mwaka 1883 alimuoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu, na mwaka 1890 familia ikahamia Berlin.

Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikigandamizwa kwa nguvu sana ndani ya silinda, inapata joto kali kiasi kwamba mafuta yakiingizwa humo yanawaka yenyewe, bila cheche. Yeyote aliyejaza upepo kwenye tairi ya baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto. Diesel alipewa hati ya uvumbuzi Ujerumani mwaka 1893, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha kueleza nadharia yake. Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vilikubali kumsaidia.

Tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka 1893 alijaribu injini ya kwanza. Mashine ilikuwa inazungushwa na mikanda ya kiwanda, na mafuta yaliyoingizwa yalikuwa esansi. Yaliwaka kweli, lakini kipimo cha mgandamizo kilipasuka na vipande vikaruka karibu na kichwa chake. Siku hizi tarehe hiyo inaadhimishwa sehemu mbalimbali kama siku ya mafuta ya mimea, na hurudiwa mara nyingi kwamba siku hiyo injini ilitembea kwa mafuta ya karanga. Si kweli. Katika mipango ya mwanzo Diesel alifikiria hata kuchoma unga wa makaa ya mawe. Alichotafuta kwanza ni injini isiyopoteza joto. Swali la chakula chake lilikuja baadaye.

Tarehe 17 mwezi wa 2 mwaka 1894 injini iliendelea kuzunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Dakika moja, baada ya miaka ya kazi! Ilichukua miaka mitatu mingine. Mwezi wa 2 mwaka 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi injini yenye nguvu za farasi karibu 20, akakuta inageuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta. Hakuna injini nyingine ya wakati ule iliyofikia hapo. Mwaka huohuo tajiri wa bia wa Marekani, Adolphus Busch, alinunua haki za kuitengeneza nchini mwake kwa maki milioni moja. Mtoto wa mjalidi vitabu akawa milionea, akajenga nyumba ya kifahari Munich.

Fedha hazikumpa utulivu. Injini za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara na wateja wakalalamika. Wahandisi wengine walidai kwamba wazo si lake, na kesi hazikuisha. Afya ya Diesel ilivunjika, akalazwa kwa muda katika nyumba ya mapumziko ya wagonjwa.

Diesel alikuwa pia na mawazo juu ya jamii, na bila hayo ni vigumu kumuelewa. Alitumaini kwamba injini ndogo isiyokula sana ingempa seremala, fundi wa vyuma au mfumaji wa mtaani nguvu za kufanya kazi kwake mwenyewe, bila kumezwa na viwanda vikubwa vyenye mitambo ya mvuke. Mwaka 1903 alitoa kitabu kinachoitwa Solidarismus. Humo alipendekeza wafanyakazi wachange senti kidogokidogo katika mfuko mmoja, kisha mfuko huo ufungue viwanda vitakavyokuwa mali yao wote. Kwa wasomaji wanaojua likelemba, wazo si geni, ila yeye alilitaka kwa kipimo cha taifa zima. Nakala elfu kumi zilichapwa na mia chache tu zikauzwa. Injini yake nayo ilikwenda njia nyingine. Ilikuwa nzito na ya gharama, kwa hiyo walioinunua kwanza ni viwanda vikubwa, kampuni za meli na majeshi ya bahari.

Habari ya mafuta ya karanga yenyewe ni ya mwaka 1900, kwenye maonyesho ya dunia ya Paris. Kampuni ya Kifaransa Otto ilionyesha injini ndogo ya aina ya Diesel ikitembea kwa mafuta ya karanga. Injini hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa mafuta ya ardhini, na hakuna kilichobadilishwa ndani yake. Ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba watazamaji wachache tu walitambua. Wazo lilitoka serikali ya Ufaransa, iliyotaka makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zinastawi, yapate nguvu za mitambo bila kuagiza makaa wala mafuta kutoka mbali. Diesel mwenyewe alifanya majaribio baadaye akathibitisha matokeo hayo.

Mwaka 1912, katika hotuba zake Uingereza na Marekani, alilirudia jambo hilo. Alieleza kwamba mafuta ya mimea yalionekana kuwa kitu kidogo wakati ule, lakini huenda siku moja yangefikia umuhimu wa mafuta ya ardhini. Na kwamba hata akiba ya ardhini ikiisha, jua litaendelea kuotesha mimea ya mafuta. Mwaka huohuo Selandia, meli kubwa ya Denmark, ilivuka bahari kwa injini za dizeli. Dunia iliitazama Selandia. Karanga hazikuzungumziwa sana.

Kwa upande wa fedha, Diesel alikuwa amezama. Alikuwa amenunua ardhi na kuingia katika biashara zilizomletea hasara kubwa, na madeni yalizidi mali. Kabla ya safari ya Uingereza alimwachia Martha mfuko wa safari, akamwambia asiufungue kabla ya wiki iliyofuata. Ndani zilikutwa maki elfu 20 za noti na karatasi zilizoonyesha hali mbaya ya akaunti zake. Ndani ya meli alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi, akaingia chumbani. Kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimekunjwa kwenye sitaha. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, tarehe 29 ilikuwa imewekwa alama ya msalaba.

Siku kumi baadaye mabaharia Waholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vidogo vya mfukoni, kati yake kibweta cha miwani na kisu kidogo, kisha wakaurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen ndiye aliyevitambua vitu hivyo. Magazeti yaliandika juu ya majasusi na juu ya matajiri wa mafuta, lakini madeni, mfuko na alama ya msalaba vinaelekeza zaidi kwenye kujiua.

Wazo la mafuta ya mimea lilibaki na tatizo moja la kiufundi. Mafuta mabichi ni mazito. Injini inawaka, lakini baada ya muda masizi yanajaa kwenye sindano za kupulizia mafuta, na mawese katika nchi za baridi yanaganda kabla hata ya kufika kwenye silinda. Tarehe 31 mwezi wa 8 mwaka 1937, profesa G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Bruxelles alipewa hati ya uvumbuzi ya Ubelgiji kwa dawa ya tatizo hilo. Alichanganya mawese na alkoholi pamoja na asidi kidogo. Mafuta yakagawanyika: gliserini nzito ikajitenga, na kilichobaki kikawa chepesi, karibu na mazutu. Katika kiangazi cha mwaka 1938 basi la abiria kati ya Bruxelles na Louvain lilitembea kwa mafuta hayo bila shida.

Njia inayotumiwa zaidi leo na watu wanaojitengenezea mafuta katika vikundi ni ya jamaa moja na hiyo. Mafuta ya mimea, au yaliyokwisha kukaanga, yanachujwa na kupashwa joto, kisha yanachanganywa na alkoholi iliyoyeyushiwa soda kostiki, ileile ya watengeneza sabuni. Gliserini inatuama chini, na yenyewe inafaa kwa sabuni. Methanoli inayotumiwa mara nyingi ni sumu na inashika moto haraka, kwa hiyo si kazi ya jikoni penye watoto.

Lakini mawese ya miaka ile ya Chavanne yalikuwa na bei nyingine isiyoandikwa kwenye hati. Katika Kongo ya Wabelgiji watu walisukumwa kukata mikungu ya michikichi kwa malipo madogo, na mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, wakapigwa kwa bunduki. Mafuta yaliyopangiwa kuendesha magari yalikuwa pia mafuta ya sufuria zao.

Mwaka 1942, Ubelgiji ikiwa imekaliwa na Wajerumani, jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji lilitoa ripoti ya karibu kurasa 90 juu ya mawese kama mafuta ya injini. Baada ya vita mafuta ya ardhini yakawa rahisi, na ripoti ikawekwa rafuni. Mazutu ya Goma na Bukavu bado yanafika kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita elfu moja.