Edwin Armstrong: baba wa FM aliyejijengea mnara wake

Ukifungua radio yako kati ya 88 na 108, hata kama mvua inanyesha na radi inapiga, sauti inakuja safi. Kwetu huku mashariki hilo si jambo dogo, maana tunakaa mu sehemu moja ya dunia inayopigwa na radi nyingi zaidi. Wazee waliokuwa wanasikiliza mawimbi mafupi wanakumbuka: wingu likifunga tu, radio inaanza kukoroma, habari zinapotea katikati.

Mtu aliyetafuta dawa ya yale makelele anaitwa Edwin Howard Armstrong, mwinjinia wa Marekani. FM ni kazi yake. Lakini njia aliyopita ili tuipate ilimgharimu pesa, ndoa na uhai.

Kijana wa antena

Armstrong alizaliwa New York, tarehe 18 Desemba 1890. Akiwa mtoto alishikwa na ugonjwa uliomfanya atikisike mwili bila kutaka, na hali hiyo haikumwacha kabisa. Masomo yakasimama, akakaa nyumbani. Nyuma ya hapo familia yake ikawa inaishi Yonkers, pembeni ya New York, na kijana akafanya chumba cha juu ya nyumba kuwa atelie yake. Ndani ya parsele ya wazazi alisimamisha antena ya urefu wa mita karibu 38, na alikuwa anaipanda mwenyewe.

Mwaka wa 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipata namna ya kurudisha umeme ndani ya taa ya radio mara nyingi, mpaka sauti ndogo sana ikawa kubwa. Mvumbuzi mwingine, Lee de Forest, alisema jambo hilo ni lake. Kesi ilivuta miaka, na mwaka wa 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki de Forest. Armstrong alitaka kurudisha medali aliyopewa na chama cha wainjinia wa radio juu ya ule uvumbuzi. Wenzake wakakataa kuipokea: kwao, medali ilikuwa yake.

Mu Vita ya kwanza ya dunia alikuwa mwanajeshi wa mawasiliano kule Paris. Hapo, mwaka wa 1918, alibuni mpango mwingine: radio inachukua kila masafa inayopokea, inayageuza kuwa masafa mamoja yaliyo rahisi kukuza. Radio nyingi zilizouzwa sokoni tangu wakati ule zilifuata mpango huo, hata zile ndogo tunazotia majiwe mawili.

Mwaka wa 1923 alimuoa Marion MacInnis, karani wa David Sarnoff, mkubwa mu kampuni ya RCA. Zawadi ya arusi ilikuwa radio ya kubeba mkononi, aliyoitengeneza mwenyewe.

Sauti bila makelele

Radio za wakati ule zilikuwa za AM. Mu AM, sauti inapanda juu ya wimbi kwa kubadilisha nguvu yake: mara kubwa, mara ndogo. Shida ni kwamba radi nayo inabadilisha nguvu. Radio haiwezi kujua hii ni sauti ya mtangazaji, hii ni radi.

Armstrong akafanya tofauti. Aliacha nguvu ya wimbi ibaki ile ile, akabadilisha hesabu ya mitikisiko yake kwa sekunde. Radi ikipiga, radio inakata ile nguvu ya ziada, sauti inabaki. Alipata hati za uvumbuzi huo mu Desemba 1933.

RCA ilimruhusu kujaribu juu ya jengo la Empire State. Majaribio yalifaulu, sauti ikasikika mbali kupita kilomita 100. Lakini mwaka wa 1935 kampuni ilimwambia aondoe vyombo vyake, sababu inahitaji nafasi kwa televisheni. RCA ilikuwa na biashara kubwa mu AM, na FM ingelazimisha watu kubadilisha emeteri na radio zote.

Mu Novemba mwaka huo, Armstrong aliwasikilizisha wainjinia FM. Matangazo hayakutoka kwa kampuni yoyote. Yalitoka nyumbani kwa rafiki yake Carman Runyon, kule Yonkers. Watu walisikia maji yakimiminwa ndani ya glasi na karatasi ikikunjwa, kama vile vinafanyika mbele yao.

Njo akaamua kutotegemea mnara wa mtu mwingine. Kwa pesa yake, zaidi ya dola 300,000, alijenga kituo chake kule Alpine, New Jersey, juu ya mwinuko unaotazama mto Hudson. Mnara ulipita mita 120. Mwaka wa 1939 kituo kilikuwa kinatangaza kwa nguvu yote. Mwaka uliofuata RCA ilimtolea dola milioni moja ili itumie FM bila kumlipa kila mara. Alikataa, kampuni zingine zilikuwa zinalipa kwa kila radio iliyouzwa, na aliona RCA nayo ilipaswa kulipa vile vile.

Mnara wake, masafa ya serikali

Mnara ulikuwa wake, lakini njia ya hewani iligawiwa na serikali. Mwaka wa 1945, ofisi ya masafa ya Marekani ilihamisha FM kutoka kati ya 42 na 50 kuipeleka juu, mahali ilipo leo. Radio za FM ambazo watu walikuwa wamenunua kwa mamia ya maelfu zikawa bure. Vituo vikalazimika kuanza upya.

Mwaka wa 1948 Armstrong alishitaki RCA, akisema inatumia uvumbuzi wake bila kulipa. Avoka wa kampuni walivuta kesi, na muda wa hati zake ukaisha. Pesa ikaisha pia. Mwishoni mwa 1953 aligombana na Marion juu ya pesa, akampiga kwenye mkono. Marion akaenda kwa dada yake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1954, Armstrong akajitoa uhai. Alikuwa na miaka 63.

Marion hakuacha kesi. Mwaka ule ule RCA ilikubali kulipa karibu dola milioni moja. Aliendelea na kampuni zingine moja moja, ya mwisho ikashindwa mwaka wa 1967.

Mnara wa Alpine ungali unasimama. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo ya World Trade Center yalipoanguka pamoja na antena zake, vituo vya televisheni vya New York vilivyonyamaza vilikimbilia kule Alpine ili virudi hewani.

Kwa radio ndogo kama zetu, zenye emeteri juu ya kilima na umeme wa jua, maisha hayo yanasema jambo wazi. Kuwa na mtambo wako kunakuokoa mwenye mnara anapokufukuza. Hakutoshi, kama masafa na sheria viko mikononi mwa wengine na hakuna anayefuatilia vikao vyao.