Mskoti Aliyetuachia Chupa ya Chai

Jua la saa saba mchana pale Voi halihitaji utangulizi. Lakini ushawahi kujiuliza joto hilo linatufikiaje? Kati yetu na jua kuna kilomita kama milioni 150, na karibu zote ni tupu, hakuna hata hewa ya kulibeba. Jibu limo ndani ya chupa ya mama muuza chai wa stendi, na aliyeibuni anaitwa James Dewar.

Alizaliwa Kincardine, Scotland, 1842. Akiwa na miaka 10 barafu ilipasuka chini yake akatumbukia majini, akaugua hadi kutembea kukawa shida. Akiwa hajiwezi hivyo, fundi wa kijijini akamfunza kuunda fidla. Vidole vyake vilijua kazi mapema.

Mwaka 1892, akiwa profesa Royal Institution, London, shida yake haikuwa chai bali baridi. Alikuwa na oksijeni iliyogeuzwa kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Joto la chumba tu liliimaliza. Akaunda chupa ya kioo yenye kuta mbili, akanyonya hewa iliyo katikati. Ikasaidia sana, ila bado ilichemka. Hapa ndipo kuna utamu: kama katikati hakuna kitu, joto lilipitia wapi? Lilipita kama mwanga, kwa mionzi, ambayo haihitaji kitu cha kuibeba. Na mwanga hurudishwa na kioo cha kujitazamia. Basi Dewar akazipaka zile kuta madini ya fedha, na uchemkaji ukapungua mno. Kinachozuia joto kuingia ndicho hicho hicho kinachozuia joto la chai kutoka. Chungulia ndani ya chupa ya kioo, utaona huo mng'aro.

Sasa kinachoniuma ni hiki: jamaa hakuisajili. Na si eti alikuwa mgeni wa mambo ya hataza. Mwaka 1889 yeye na Frederick Abel walisajili kordaiti, baruti ya bunduki za Waingereza, zile zilizolia hata kwenye kilima cha Salaita, karibu na Taveta, 1916. Lakini chupa aliiacha wazi, kila mwanasayansi aitumie. Mafundi wa kioo Wajerumani wakanusa pesa, na kufikia 1904 ikawa inauzwa kwa jina Thermos. Dewar akakimbilia kortini, akashindwa. Tuzo ya Nobel nayo ikampita.

Aliendelea na kazi Royal Institution hadi alipofariki Machi 27, 1923, akiwa na miaka 80.